Sinzia na Chupa ya Usingizi

Dada huyu aliitwa Sinzia tangu wiki ya kwanza kazini. Alikuwa mtunza dawa mpya wa maabara ya utafiti, mwanawe anaota meno nyumbani, na mkuu wa maabara akahutubia saa mbili nzima kuhusu usalama wa kabati. Akakoroma. Si kidogo, jamani: mkuu alinyamaza, akamsubiri amalize. Na funguo za kabati la dawa za usingizi zikiwa shingoni mwake! Jina likaganda.

Miaka sita ulikuwa utani tu, mpaka panya wakagoma kulala.

Mtafiti mmoja mwenye haraka zake huwachoma panya sindano ya usingizi, dawa ya jamii ya babitureti, kabla ya kuwapasua. Wiki hiyo dozi ileile, lakini panya wanapepesuka tu, macho kodo. Utampasua vipi mnyama anayekutazama? Mtafiti akasema dawa imechakachuliwa. Chupani ujazo ulikuwa sawasawa na daftari, kwa hiyo kuna mtu kanywa, kajazia maji. Na funguo anazo nani? Ofisi nzima ikageuza shingo. Lisemwalo lipo, mmoja akanong'ona, tena kwa sauti ya kusikika.

"Mwanangu," mkuu akamwambia, "Ijumaa nataka maelezo. La sivyo nakuandikia barua ya kukuachisha kazi."

Sinzia naye akaanza kumshuku kila kiumbe. Mfagiaji, mbona anapiga mluzi karibu na kabati? Mhasibu, mbona anapiga miayo tangu asubuhi? Akafika mahali anahesabu hata miayo yake mwenyewe. Jumanne akaiinua ile chupa dirishani. Chini kulikuwa na chenga nyeupe. Ee! Maji ya mwizi yanaacha chenga tangu lini?

Halafu akaona kizibo. Pamba.

Mtafiti alihamia kutoka chumba cha vijidudu, ambako chupa huzibwa kwa pamba zipate kupumua. Mazoea yana taabu. Tena, kwa haraka zake, alikuwa ametia maji unga wa dawa wa mwezi mzima kwa mkupuo.

Sinzia hakubishana na mtu. Akachanganya dawa mpya chupa mbili mbele ya mkuu, moja kizibo cha kubana, nyingine pamba, akamwomba azifungie kwenye droo yake, funguo akae nazo yeye mkuu.

Ijumaa droo ikafunguliwa. Ya kizibo safi kama machozi. Ya pamba ina chenga.

"Unga mkavu unakaa miaka," Sinzia akasema. "Ukishatiwa maji, siku zake za kuhesabu. Ukiuachia hewa ndiyo kabisa: dawa inaganda inazama chini, huku juu mnawachoma panya maji."

Mkuu akakohoa. "Sasa kwa nini hukusema mapema?"

"Mngemwamini Sinzia?"

Barua, kumbe ilikuwa imeshaandikwa, mkuu aliichana mwenyewe, na mtafiti siku hizi anaitwa Pamba. Lakini Sinzia hajasahau zile shingo. Mhasibu alipomletea chai ya kuomba radhi, aliipokea kwa adabu zote, akainua kikombe dirishani, akakichungulia chini.

Haya, na wewe jina lako la utani limewahi kukuponza? Tumwagie kisa chako hapo chini. Ila kama wewe ndiye yule aliyenong'ona, tutakujua tu.