Jeraha Nyuma, Ugonjwa Mbele

Sokoni Nchelenge, kando ya ziwa, hakuna aliyenunua gunia la chisense, vile visamaki vikavu, kabla Hervé hajaingiza pua yake. Akikunja uso, gunia linarudi kwa mwenyewe. Pua hiyo ndiyo iliyomlisha mkewe Arlène, Mkongomani mwenye mdomo mkali kuliko shoka.

Kisha Hervé akaanguka kutoka juu ya lori akifunga mizigo, akatua kwa kisogo. Jeraha likashonwa, likapona. Baadaye kidogo akaanza kupitisha magunia yaliyooza, na mchungaji alipokuja kumwona, Hervé akamtukana huku akicheka. Wachuuzi wakasema kahongwa. Kaka yake Chadrack akasema mapepo, akatafuta mtumbwi wa kumvusha ng'ambo ya ziwa akafungiwe kwenye maombi, akatanguliza humo blanketi la mdogo wake.

"Pepo gani inapenda samaki ya kuoza, shemeji?" Arlène akamuuliza. "Hata pepo iko na adabu."

"Kesho tunamuvusha."

"Kesho utavuka peke yako."

Kulipokucha akamkokota mumewe hadi zahanati, Chadrack nyuma yao akinung'unika. Mwelwa, tabibu wa zamu, akapapasa kisogo.

"Kidonda kimepona, bamayo," akamwambia Arlène, akimwita mama kwa lugha ya huko.

"Kisogo nakuachia, dokta. Mimi nimeleta mutu muzima. Pua imekufa, matusi imezaliwa. Sitoki hapa."

Mwelwa akamtazama Hervé upya. Akamfumba macho, akamsogezea sabuni, kisha kahawa, kisha kitunguu kilichokatwa.

"Hewa tu," Hervé akajibu kila mara. "Munanichezea, wajinga nyinyi!"

"Kumbe!" Mwelwa akasema. "Kichwa kikigonga chini kwa nyuma, ubongo unarushwa ndani, unaumia mbele. Huko ndiko harufu inapopokelewa, na ndiko mtu anapojizuia asiseme kila kinachomjia. Apigwe picha ya kichwa kwenye hospitali kubwa. Na asifungwe wala kupigwa."

"Umesikia, shemeji?" Arlène akageuka. "Shika mukono ule, mimi nashika huu. Bus haitatungojea."

Picha ikaonyesha ubongo umechubuka mbele, nyuma mzima. Daktari wa huko hakuahidi kwamba harufu itarudi. Alisema hasira huenda ikapoa, kwa subira.

"Subira niko nayo," Arlène akasema. "Ya kugawa, hata."

Waliporudi, Chadrack hakungoja kuambiwa. Akashuka ufukoni, akalitoa lile blanketi mtumbwini, akapita nalo katikati ya soko akimwambia kila mchuuzi: "Ni mugonjwa. Hakuhongwa na mutu."