Ngazi za Pazia Langu na Watu wa Pasifiki

Shule niliiacha darasa la tatu, Lubumbashi, na sioni haya kulisema. Kupiga picha nilijifunza kwa kushika kamera. Chumba chetu cha biashara hapa ugenini kusini, Berea, nimekipata kwa jasho langu, na pazia la ukutani nililichora mwenyewe: ngazi pana za mawe, maua makubwa huku na huku, mbingu ya buluu. Wakongomani wengi wa mji huu wamesimama mbele ya ngazi hizo ndani ya suti yangu, nimeibana mgongoni kwa vibanio vya nguo ili iwakae, wakatuma picha nyumbani. Kisha zikaja simu. Eish, kila mtu akawa mpiga picha.

Mke wangu ni msusi. Upande wake wa chumba ulijaa wateja, wangu ulijaa vumbi. Akanunua kioo kikubwa, akakiegemeza kwenye pazia.

"Papa," akaniambia, "Jumamosi pazia linashuka."

"Litashuka na mimi nikiwa nimelishika."

"Basi tutakukunja nalo."

Wateja wakacheka. Mimi nilijua pazia likitoka, nitabaki mzee wa kufagia nywele.

Ijumaa akaja kusukwa mteja wetu mmoja, Mkenya anayefundisha chuo kikuu, na kitabu kikubwa mapajani. Nikachungulia. Picha za zamani tupu, za watu wa visiwa na pwani za bahari ya Pasifiki.

"Hawa ni ndugu zako, mwalimu?"

"Hapana, mzee. Nachagua za kuwaonyesha wanafunzi. Hawa ni wenyeji wa visiwani. Hawa ni Wachina na Wajapani waliokwenda huko kukata miwa."

Nikavuta kiti. Wenyeji wengine walikuwa wamepangwa mstari kama viazi sokoni, macho makali. Aliyewapiga hakuwaomba ruhusa, hilo halihitaji shule. Lakini palikuwa na bibi mmoja amekaa kwenye mkeka wake, maua kichwani, anamcheka mpiga picha waziwazi. Huyo nilimpenda. Nikafunua ukurasa, nikapiga kelele.

"Ngazi!"

Kijana wa Kijapani, mkata miwa, suti imemzidi mabega, amesimama mbele ya pazia lililochorwa ngazi za mawe. Huyu alijipeleka studio mwenyewe, ili mama yake kule kwao aone mwanawe amefika mahali.

"Mama, njoo umwone mwenzangu!"

Mke wangu akaja na kitana mkononi. Akalitazama pazia la kitabuni, akalitazama langu.

"Zake zimenyooka zaidi," akasema.

Akafunua ukurasa. Mume na mke, mume amekaa, mke amesimama nyuma yake.

"Huyu mama ametoka kwenye miwa, halafu mume ndiye anakaa?"

"Ndivyo walivyopiga zamani."

"Na sisi tungekaaje?"

Nimepiga harusi za watu na ubatizo wa watoto wao, lakini picha yetu sisi wawili hatukuwa nayo hata moja, maana siku zote mimi niko nyuma ya kamera. Yeye alilijua hilo, na alikuwa ananisubiri. Maneno matamu sina. Nikakisogeza kioo pembeni, nikaweka kiti mbele ya ngazi.

"Kaa wewe."

Akavua aproni, akakaa kama waziri. Nikasimama nyuma yake nimeshika mkoba wake, kwa sababu alikataa uwekwe chini. Mwalimu ndiye aliyepiga, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama.

"Shika kwa mikono miwili! Usipumue!"

"Mzee, ukiendelea kunifokea utatoka mdomo wazi."

Nilitoka mdomo wazi, na picha yenyewe imeinama upande. Mke wangu aliitazama mpaka mwalimu akamkumbusha kwamba nusu ya kichwa bado haijasukwa.

"Kioo kitakaa ukuta ule," mke wangu akasema. "Pale penye kabati lako la kamera."

Kabati nililitoa siku hiyo hiyo. Kamera sasa zinalala chini ya kitanda chetu. Kioo kinatazamana na pazia. Kila anayesukwa anaziona ngazi nyuma ya kichwa chake, na akishapendeza anageuka kuniuliza kama suti bado ipo. Mke wangu anasema hiyo ni akili yake. Sibishi. Pazia halijashuka.