Shemeji Bashiru, Wali wa Yusra

Wapo hapa Palma wanaosema kwamba binti yangu Yusra aliozwa na Sadallah, binamu wa mbali. Ni uongo mtupu. Baba yake Yusra ni marehemu, kaka hana. Wali wake, mwenye haki ya kumwoza, ni shemeji yangu Bashiru, mdogo wa mume wangu. Nilikuwepo.

Bashiru huuza vipuri vya injini za boti. Homa ya uti wa mgongo ilimwondolea usikivu akiwa na miaka arobaini. Ulimi na akili haikuvigusa. Hata hivyo kuna waliomwita bubu, yeye anayesoma Kireno na Kiswahili kuwapita wao wote. Zamani simu alikuwa akimpa mtu amsikilizie, na nusu ya maneno haikumfikia. Mwaka jana professora Telma wa shuleni alimwekea programu inayoandika kwenye kioo cha simu maneno ya mtu wa upande wa pili. Bashiru husoma, kisha hujibu kwa mdomo wake. Inataka subira kidogo tu, maana maandishi huja nyuma ya sauti.

Siku ya ndoa kivuko kiliharibika, naye akakwama ng'ambo, Mtwara, alikofuata vipuri. Tukakubaliana ampe wakala kwa simu mwalimu Rizuane wa chuo cha Kurani, amwoze kwa niaba yake, mashahidi wakisikia. Wanaume walijaa sebuleni, simu mezani, sauti imefunguliwa. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia.

"Bashiru," mwalimu akauliza, "unanipa wakala nimwoze Yusra kwa Dulla?"

Kimya.

"Nilisema mimi!" akadakia Suleimane, ami yake bwana harusi. "Kiziwi atakuwaje wali? Mwiteni Sadallah tumalize, pilau inapoa."

Watu wakacheka. Sadallah alikwishaanza kuweka kofia yake sawa! Nikafungua pazia.

"Binti akinyamaza mnasema karidhia. Ami yake akinyamaza kidogo asome, mnasema hafai?"

"Bi Haula, rudi kwa wenzio," akasema Suleimane.

"Hapa ni kwangu. Rudi wewe kwako Nhica."

Hapo sauti ya Bashiru ikatoka mezani, haina haraka. "Mwalimu, swali lako nimelisoma. Maneno ya Suleimane nayo nimeyasoma, hata ya pilau. Wakala sijakupa. Aliyesema sifai aniombe yeye mwenyewe, taratibu, nisome."

Suleimane akamgeukia mwalimu.

"Ni haki yake," mwalimu akasema. "Bila idhini yake hapa hakuna ndoa."

"Ami, tafadhali," akanong'ona Dulla, kanzu imelowa jasho.

Suleimane akaiinamia simu. Aliomba. Alitaja jina la Bashiru kamili, na la baba yake, na la Yusra, neno moja moja kama mtoto wa chuoni. Kisha akanyamaza, na sebule nzima ikanyamaza naye. Mimi sikuondoka pale mlangoni.

"Nimesoma," akasema Bashiru. "Mwalimu, nakupa wakala. Mwoze."