Kuuguza Majumbani Kule Uru

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika ofisi ya parokia saa moja kasoro, viatu nimevipiga rangi kana kwamba naenda kufunga ndoa. Nilikuwa nimepunguzwa ukarani miaka ile mashirika ya umma yalipokuwa yakifungwa, na parokia ilikuwa ikitafuta wahudumu wa wagonjwa majumbani. Ukimwi ulikuwa umeshaingia migombani, na wodi za mjini Moshi zilikuwa zikirudisha watu wafie kwao.

Sista Msimamizi, nesi wa siku nyingi asiyependa maneno mengi, alinifundisha kwa wiki mbili: kumgeuza mgonjwa ubavu kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia, kumsafisha kinywa chenye utandu kwa maji ya chumvi, kuloweka shuka kwenye dawa ya madoa. Nilishika yote. Kiherehere nilikuja nacho mwenyewe.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa Flora, aliyerudi Uru kwa mama yake, Mama Anastasia. Nilivaa glovu tangu uani, nikasalimia nazo. Mama akanipakulia kiburu, zile ndizi zetu za maharage, nikasema nimeshiba, na njaa ilikuwa inaniuma. Nilidhani huo ndio utaalamu.

Wiki iliyofuata nikamkuta Flora amelazwa bandani, ubavuni mwa mbuzi, na sahani yake na kikombe chake peke yake. Nikamuuliza mama kulikoni. Akanijibu kwa upole kwamba amefuata nilivyoonyesha: kama mtaalamu wa kanisa anaogopa kumgusa na kula katika nyumba aliyomo, yeye mkulima wa kahawa atajuaje zaidi? Flora alikuwa ameacha kula. Niliona aibu, nikarudi moja kwa moja kwa Sista.

Sista aliponisikiliza hakufoka.

"Glovu ni za kidonda, si za salamu," alisema. "Asipokula atakufa upesi, na haitakuwa kwa Ukimwi. Nenda karekebishe."

Nikamuuliza nipeleke dawa gani. Akasema yeye ni mgeni huku, dawa ya jambo hilo niitafute kwa Wachagga wenzangu.

Nikakata isale, lile jani la mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya migomba, ambalo kwetu mtu akikuletea kuomba radhi humkatalii. Nikapanda kilima nalo mkononi mchana kweupe, majirani wakinichungulia. Nilipofika nikapiga magoti mbele ya mama.

"Shikamoo mama. Nimekukosea, na Flora nimemkosea. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa sahani wala kwa mkono. Nilikuwa naogopa, nikajifanya mtaalamu."

Alilipokea jani.

"Basi kale naye," akasema.

Tulikula kiburu mle bandani, sahani moja, mikono mitupu. Flora alimeza matonge matatu, mengine nikamaliza mimi. Mama alisimama mlangoni akitutazama. Kisha akaingia, akambeba mgongoni binti yake, mtu mzima, akamrudisha ndani na kumlaza kitandani kwake yeye mwenyewe.

Flora alikula kidogo kidogo tangu siku ile, akajikongoja mpaka dawa za kurefusha maisha zikafika hospitali. Leo ana ng'ombe wawili wa maziwa na mdomo mkali.

Mimi nimestaafu. Wahudumu wa sasa wana pikipiki na semina, na wananipa moyo kweli. Wakinitambulisha kwa wageni husema nilimwokoa Flora. Huwa nawasahihisha: mimi ndiye niliyempeleka bandani. Aliyemtoa ni mama yake.