Kikosi cha Farasi Kilichonitoa Okolona

Wengi mmeniuliza kwa nini niliomba ruhusa kazini, pale ghalani, ghafla Julai ile ya 2015. Sababu ilikuwa picha moja kwenye simu. Mdogo wangu Eliya, anayekaa Buffalo, mtaa wa Black Rock, aliituma bila neno. Ilikuwa ya binti yake Esperansi, msichana wa miaka kumi na tisa, amepanda farasi, amevaa koti la bluu la kijeshi, upanga kiunoni. Nikampigia hapo hapo.

"Dada, mwanangu ameingia jeshini," akasema. "Eti kikosi cha kujitolea, wapanda farasi. Njoo uongee naye. Asipoacha, asitie mguu tena nyumbani kwangu."

Sikushangaa kwamba hakuongea naye mwenyewe. Kwetu Warundi, jambo zito la binti huulizwa na shangazi, na shangazi ni mimi. Wala sikuona kama anatia chumvi. Kaka zetu wawili walichukuliwa na watu wenye sare, nasi tukaikimbia Burundi, tukakulia kambini Tanzania. Na mwaka ule redio ilikuwa imeanza tena kutaja Bujumbura kwa sauti ambayo tunaijua.

Ijumaa alfajiri nikaondoka Okolona, mtaa wangu wa Louisville, Kentucky, na kigari changu, chupa ya chai pembeni. Njia nzima hadi daraja la Cincinnati nilikuwa nikitunga hotuba. Nilimgombeza yule binti kwa sauti kubwa, nikamlilia, nikamgombeza tena, hata dereva wa lori aliyekuwa upande wangu akawa ananitazama. Baada ya hapo ni mahindi tu, kulia na kushoto, mpaka unachoka kuyaona.

Columbus nilifika kabla ya chakula cha mchana. Nilitaka kumsalimia Mama, anayekaa huko, nile, nipite. Nikamkuta ameketi mlangoni, kitenge kipya, begi miguuni, na sufuria ya maharage imefungwa kwa taulo.

"Mama, Buffalo ni mbali."

"Kutoka Burundi hadi Tanzania nilikwenda kwa mguu, na huyo Eliya mgongoni. Fungua gari."

Nikafungua. Alilala mpaka Cleveland. Alipoamka na kuona ziwa limekaa upande wa kushoto, akauliza kama ni Tanganyika, akacheka mwenyewe. Kisha akashika rozari yake hadi mashamba ya zabibu ya kando ya ziwa yakaisha.

Jioni, jua bado lipo, tukaingia Black Rock. Nyumba ya Eliya ni ile ya mbao yenye ngazi iliyolegea, ambayo kila mwaka anasema ataitengeneza. Koti la bluu lilikuwa limetundikwa nje, kwenye msumari wa baraza, kama mgeni asiyeruhusiwa kuingia. Ndani, baba na binti walikuwa wanaishi kama wapangaji wawili waliogombana. Chumvi ilipohitajika mezani, Eliya aliniomba mimi, na ilikuwa mbele ya Esperansi.

Tulipomaliza kula nikamwita binti chumbani, nikafunga mlango. Hotuba yote ikanitoka kichwani.

"Nani amekuchukua?"

Akanijibu kwa Kiingereza, kama watoto wetu wote, kisha akaona uso wangu, akarudi kwenye Kiswahili. "Shangazi, hakuna aliyenichukua. Ni igizo. Pale zizini ninaposafisha wikendi, kuna watu wanaoigiza historia. Kikosi tunachokiigiza kilishavunjwa zamani sana. Wote walishakufa."

"Mbona hukumwambia baba yako?"

"Hakuniuliza. Nilijua atakuita wewe, ndiyo nikakungoja."

Nilitaka kumzaba kofi na kumbusu kwa pamoja. Nikakaa kitandani, nikacheka hadi machozi yakanitoka. Wiki nzima wamenuniana, kila mmoja anamngoja shangazi atoke Louisville!

Nikatoka sebuleni kuwaeleza, lakini Eliya hakucheka. "Sare ni sare," akasema. "Leo wanaigiza, kesho je? Akienda kwenye igizo lao hiyo kesho, asirudi hapa."

Mama aliweka kikombe chini. "Kesho tunakwenda wote. Ukishaona, ndiyo umfukuze."

Jumamosi asubuhi tukaketi kwenye nyasi, uwanja ulio nje kidogo ya mji, katikati ya Wazungu wenye viti vya kukunja. Eliya alisimama nyuma, mikono kifuani. Mzee mmoja mwenye kipaza sauti alisimulia habari za kikosi, nami nikamtafsiria Mama. Walikuwa vijana wa Ohio, waliojitolea kwa vita vya Kusini, vile vya zamani vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe. Wakapelekwa Magharibi badala yake, mpakani, kulinda nyaya za simu za kizamani na njia ya mikokoteni, kwenye nchi ya wenyeji wa asili ambao hawakuwaalika. Wengi walikufa, wa pande zote, na baridi nayo ikachukua wake. Vita vya Kusini vilikwisha, wenzao wakarudi nyumbani, wao wakaachwa huko huko wakingoja amri.

"Kama sisi kambini," Mama akasema.

Esperansi ndiye aliyekuwa mpiga tarumbeta. Alipuliza mara ya mwisho, na amri ya kurudi nyumbani ikasomwa. Wapanda farasi wakashuka, mmoja baada ya mwingine. Kila mtu akalaza bunduki yake mezani, akaweka tandiko chini, akavua koti, akaenda zake kwa mguu akiwa na shati tu.

Mama akanishika mkono kwa nguvu. "Maisha yangu yote," akasema, "sijaona askari anarudisha bunduki mwenyewe akaenda kwao."

Alikuwa analia bila aibu, nami vilevile. Nilipogeuka, Eliya hakuwa nyuma yetu. Alikuwa ameshavuka kamba ya kuzuia watazamaji, anatembea uwanjani, yeye anayemkwepa hata mbwa wa jirani. Esperansi alikuwa wa mwisho. Alitazama baba yake anakuja, akashindwa kushuka. Eliya akashika hatamu. "Shuka, mwanangu," akamwambia. "Twende nyumbani."

Jumapili baada ya ibada tukaanza kurudi. Mama aliimba mpaka Cleveland, nikamwacha Columbus na sufuria yake tupu, jioni nikawa Okolona. Nimejifunza kwamba desturi yetu ya shangazi ni nzuri, ila swali dogo halihitaji kusafirishwa kutoka Kentucky. Nilimwambia hivyo Eliya, akaitikia kwa mguno.

Wiki iliyofuata simu ikalia nikiwa kwenye mapumziko kazini. Ni yeye.

"Dada, harufu ya farasi inatokaje kwenye koti la sufu? Nimelifua mara mbili, nimelianika chumbani kwangu, bado linanuka."