Babu kwa Jina la Mamake

Mwaka mmoja baada ya uhuru nilipeleka posa Mji wa Kale. Nilikuwa seremala wa Majengo, nina karakana yangu mwenyewe, na hakuna aliyeniachia hata msumari. Ami wa yule binti akaniuliza mbele ya watu, "Babuyo kazikwa wapi?"

"Papa hapa Mombasa."

"Kila mtu wa kuja husema hivyo. Nionyeshe."

Binti alinitaka, na mamake alinitaka. Lakini neno lilikuwa la ami. Bila kaburi la babu, sina mke.

Nikaanza kwa jirani yangu, karani wa reli, mtu wa bara. Alikuwa na kitabu kinene cha Kiingereza chenye majina na anwani za watu wa mjini wa zamani. Akafunua, akafunua. "Fundi, humu mna wenye maduka na maofisi. Babu yako alikuwa na nini?"

"Patasi."

"Basi hayumo."

Nikaenda msikitini alimokuwa akisali babu. Maalim wa hapo alitunza daftari kuukuu la waliozikwa, limeandikwa kwa hati za Kiarabu. Hapo sikumhitaji karani. Shule sikukaa, chuo cha Kurani nilikaa. Siku tatu nilipekua kila ukurasa nikitafuta jina la babu, mwana wa babake. Hayumo. Nikalifunga daftari, nikamwambia maalim kwamba mwana wa babake hayumo.

Maalim akacheka. "We fundi, hujazika mtu? Au maiti akisomewa talkini kaburini, wewe ushaondoka? Twamwita mwana wa nani?"

"Wa mamake."

"Basi. Aliyeandika daftari hili ndiye aliyekuwa akisoma talkini. Aliandika kama alivyoita."

Jina la mamake babu nililijua. Ndilo alilorithishwa shangazi yangu. Nikarudi ukurasa wa kwanza. Kabla ya adhana ya alasiri nikampata: yeye, mamake, na mbele yake "fundi wa milango", na upande wa makaburi aliolazwa. Siku zote tatu nilikuwa nikimpita.

Sala ilipokwisha nikamleta ami. Akavaa miwani, akasoma, akarudia kusoma na kidole juu ya mstari.

"Haya. Njoo Ijumaa na wazee wako."

"Wazee wangu ni shangazi tu."

"Njoo naye. Na huo mdomo uuache nyumbani."

Nikatoka msikitini nikipumua kama aliyetua gunia. Nilifika Majengo ndipo nikaona sina viatu.