Rekodi Waliyowaficha Wageni

Harufu ya sangara aliyelala juani haitoki kwa sabuni. Inaingia kwenye nywele, inapanda nawe mpaka Buhongwa ninakoishi, inalala nawe. Lakini nilipoajiriwa kutunza kompyuta za kiwanda kimoja cha samaki kando ya ziwa, walionitia kinyaa hawakuwa samaki. Ni watu.

Pale mapokezi alikuwepo mama mmoja wa Magu, mwenye mizani. Mjane, na kazi ile ndiyo inayowasha jiko lake. Gari likifika anapima kreti, anabonyeza, mfumo unapokea uzito, ndipo kreti inaingia kwenye chumba cha baridi. Magari yakizidi mchana, mfumo ulikuwa unaganda. Foleni inakua, barafu inayeyuka, maji ya damu yanachuruzika sakafuni, na nzi ndio hao. Lawama zote kwa mama.

"Huyu ni mzembe," meneja alituambia kikaoni, mama mwenyewe amesimama mlangoni na aproni yake. "Mfumo hauna kasoro, programu inaonyesha. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Ijumaa aondoke."

Akasema hayo huku anatafuna karanga. Ptuu!

Programu aliyoisema huchunguza mwendo wa mfumo: kila kazi inayofanyika, inarekodi ilianza lini na ikaisha lini, halafu inachora. Ya haraka kijani, iliyochelewa nyekundu. Nikaifungua. Kijani kitupu, kama tuta la mchicha. Mfumo gani duniani hauchelewi hata mara moja? Nikajua hapa pana jambo.

Nikashuka kwenye mizani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umetumwa kunichunga?"

"Nimekuja kuichunga mashine."

Akacheka, akapima kreti, akabonyeza. Kiduara kikaanza kuzunguka kwenye skrini. Kikazunguka weee. Dereva wa gari la Sengerema akashuka, akanunua kahawa, akainywa yote, kiduara bado. Ilipokubali, nikapanda mbio kuangalia rekodi. Tukio lile halikuwemo! Mama kasubiri mpaka jasho likamtoka, na kwa mujibu wa rekodi hakubonyeza kitu.

Nikachimba kwenye programu mpaka nikakuta sharti moja fupi: kazi yoyote ikichelewa, isirekodiwe. Halikuwa hitilafu, ulikuwa mkono wa mtu. Nikampigia fundi aliyenitangulia, hata haya hakuona.

"Aa, hiyo, dada, tuliiweka wanunuzi wa nje walipokuja. Bosi alisema tuondoe uchafu."

Wageni! Si tunajuana? Mgeni akitajwa tu, mawe yanapakwa chokaa, mapazia mapya yanatundikwa, choo kilichofungwa siku zote kinapata ufunguo na sabuni. Sawa, hata kwetu uwanja unafagiliwa. Lakini mtu hatumfagii. Siku ya ziara ile, mama alinisimulia, aliambiwa abaki nyumbani kwa sababu aproni yake inanuka. Msichana wa ofisini akavalishwa koti jeupe, akasimamishwa kwenye mizani. Wageni wakapiga picha, wakaenda zao. Mama akarudishwa kazini, sharti likaachwa palepale. Mficha maradhi kifo humuumbua, ila hapa walipanga kifo kimuumbue mwingine.

Sharti lile nikalifuta. Nikarekebisha pia kila tukio lirekodiwe tangu linapoanza, lisingoje kumalizika, maana lililoganda linaweza lisimalizike kabisa. Kesho yake mchana chati ilikuwa nyekundu tupu, na mkosaji akaonekana: televisheni kubwa ya chumba cha wageni. Iliwekwa kwa ajili ya ziara ileile. Ili ionyeshe jumla, kila dakika iliuamuru mfumo ujumlishe samaki wote tangu kiwanda kifunguliwe, na mizani ikawa inangojea. Nikaenda kuitazama. Mlango umefungwa, viti vina nailoni, televisheni inajihesabia samaki peke yake. Kichefuchefu kilinishika kweli, na mle ndani hamkuwa na samaki hata mmoja.

Alhamisi nikawaonyesha kikaoni. Mama nilimwita mimi, nikamwambia aingie, akae. Meneja akaitazama nyekundu, akazitazama karanga zake.

"Izimeni hiyo televisheni."

Ikazimwa. Kreti zikawa zinaingia kwenye baridi bila kusimama. Kuomba radhi? Thubutu! "Basi, mama aendelee," akasema, utadhani anagawa zawadi. Kisha akanigeukia. "Ila wewe dada, wiki ijayo wageni wanarudi. Hizo nyekundu uzifiche kwanza."

Mama alikuwa ameshafika mlangoni. Akageuka, akafuta mikono kwenye aproni.

"Na mimi, bosi," akauliza kwa upole, "safari hii mtanificha wapi?"

Nyekundu sikuzificha.